Pini Nilizozinyoosha

Jumamosi, tarehe 14 Juni, mwaka 2025.

Wasomaji wangu, mwalimu wetu wa darasa la watu wazima hutuambia: andika tarehe kwanza, ili asitokee mtu wa kukuuliza ulisema lini. Basi tarehe nimeiandika. Leo ndiyo siku ninayokiri kwamba Jumamosi iliyopita, katika ukurasa huuhuu wa gazeti letu, niliwadanganya.

Kwa yule ambaye hakuwa nasi, nitaeleza kwa ufupi. Binti yangu, kitindamimba wangu, ana umri wa miaka kumi na tisa na anafanya kazi katika duka la kudurufu karatasi. Yeye na wasichana wenzake wanne wana timu ya gemu za kompyuta, na timu hiyo imeingia mashindanoni. Mashindano yanaanza tarehe ishirini na nane ya mwezi huu. Kila msichana atacheza akiwa kwao. Asiye na kompyuta yenye nguvu ndiye atakayewaangusha wenzake.

Nyumba yetu ikagawanyika pande mbili. Binti alitaka kuiunda kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Mimi nilitaka tununue iliyokwisha kuundwa, yenye kasha lililofungwa na karatasi ya dhamana.

“Mama, ukinunua unachukua alichopenda mwingine,” aliniambia. “Nikiunda, najua kila kilichomo ndani.”

“Mteja wangu anajua kilichomo ndani ya gauni?” nilimjibu. “Analivaa, anakwenda zake.”

“Na likifumuka?”

“Langu halifumuki!”

Baba yake, ambaye ni fundi wa vigae, alicheka mpaka akakohoa. “Msigombane bure. Nyumba ya kujenga inavuja, ya kununua nayo inavuja. Tofauti ni nani wa kumlaumu.”

Binti alishinda. Mwaka mzima akawa analeta vipande, kimoja kimoja, na kuvipanga chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Kipande cha mwisho kilikuwa bodi, ile kubwa ambayo vingine vyote huchomekwa juu yake. Aliinunua kwa fundi wa kompyuta ambaye mtaa mzima unamwita Bisibisi. Jina alilopewa na wazazi wake silijui mpaka leo.

Jumamosi iliyopita niliandika kwamba Bisibisi alituuzia bodi mbovu.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima. Niliiharibu mimi, kwa mkono huuhuu unaoandika.

Ilikuwa Jumapili, tarehe mosi, mchana kweupe, mimi nikipindia mikono ya sare za shule. Binti alikuwa ameifungua bodi juu ya meza yangu na kuondoa kifuniko kidogo cha plastiki kilichokuwa katikati. Ghafla akajipiga paji la uso.

“Nimesahau krimu ya kupozea prosesa! Mama, nafika dukani mara moja.”

“Nenda, mwanangu. Mimi nipo.”

Alinitazama kidogo. Kisha akachukua kipande cha karatasi yangu ya ramani za nguo, akaandika kwa herufi kubwa, akakiweka kando ya bodi: MAMA, TAFADHALI USIGUSE.

Niliyasoma maneno hayo bila kuweka kidole chini ya hata moja. Nikafurahi. Miaka mitatu iliyopita ningeyaona kama njia ya sisimizi. Nikayasoma tena, safari hii kwa sauti, kwa raha tu ya kuyasoma.

Kisha nikaivuta bodi karibu na dirisha.

Wasomaji, zamani nilikuwa na pa kujificha. Nikikosea nilisema, “Mnisamehe, sikujua kusoma.” Mwalimu aliubomoa ukuta huo, nami nikamshukuru mbele ya darasa zima. Siku ile sikuwa na pa kujificha. Nilisoma, nikaelewa, nikagusa.

Pale katikati, kifuniko kilipotolewa, palikuwa na kidimbwi cha mraba chenye pini za rangi ya dhahabu, nyingi na nyembamba kama malaika, vile vinyweleo vya mtoto mchanga. Na zote zilikuwa zimeinama upande mmoja.

Mshonaji havumilii pini iliyopinda. Tangu siku ya kwanza ya kukalia cherehani tunaambiwa: pini iliyopinda huharibu nguo, inyooshe au itupe. Nikasema moyoni, mtu huyu amemuuzia mwanangu kitu kilichokaliwa na mtu. Ngoja nimwokoe kimyakimya.

Nikachukua sindano yangu nyembamba kuliko zote, ile ya kushonea shanga. Nikavaa miwani. Nikaanza kuzisimamisha pini, moja baada ya nyingine.

Safu ya kwanza. Safu ya pili. Safu ya tatu. Nilikuwa hodari sana, Mungu anisamehe.

Nilikuwa naiendea safu ya nne niliposikia viatu vyake barazani. Nikairudisha bodi mahali pake na kuishika sare.

Binti aliosha mikono, akaipachika prosesa, ule ubongo wa kompyuta, juu ya zile pini, akapaka krimu, akafunga feni. Alifanya kazi kwa upole kama anayemvisha nguo mgonjwa. Alipowasha, feni zilizunguka, taa zikawaka rangi zote, na skrini ikabaki nyeusi kama tako la sufuria.

Alijaribu tena. Alichomoa, akachomeka. Nyeusi.

“Mama, uligusa?”

“Mimi? Niguse kitu nisichokijua?”

“Nauliza tu.”

“Si uliniandikia nisiguse? Na siku hizi mama yako anasoma.”

Akacheka kidogo, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi!

Kesho yake saa sita, wakati wake wa mapumziko, tulikwenda kwa Bisibisi. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya fundi wa saa, na siku hiyo wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Ni mtu mzima, mpole, na huchomeka bisibisi nyuma ya sikio kama seremala na penseli.

“Karibuni. Imekuwaje?”

“Imekuwa umemuuzia mtoto wa watu takataka!” nilisema, nikihakikisha kwamba benchi zima limenisikia.

“Mama, taratibu,” binti alininong’oneza.

“Taratibu ya nini? Mtu akikuuzia kitambaa kilicholiwa na panya, unashona taratibu?”

Mteja mmoja akaguna. Bisibisi aliichukua bodi. Aliitoa prosesa, akainamisha taa, akachukua kile kioo cha kukuzia ambacho mafundi wa saa huweka jichoni. Alitazama kwa muda mrefu. Akampa binti naye atazame.

“Unaona nini?”

“Naona safu tatu zimesimama,” alisema binti. “Nyingine zote zimelala.”

“Basi si hizo zilizolala ndizo mbovu!” nilidakia. “Ni tatu tu zilizosalimika!”

Bisibisi aliinua kichwa. Akautazama utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwangu. Akazitazama sindano nilizochomeka kwenye ukosi wa blauzi. Alizitazama moja moja, kama anayezihesabu.

“Safu tatu,” alisema polepole. “Hakuna hata pini moja iliyopishana na mwenzake. Aliyefanya hivi ana mkono mzuri sana.”

Nikaufunika ukosi kwa mkono.

“Mama,” akaniambia, kwa sauti ya chini na ya adabu, “kuna jambo ungependa kunieleza?”

Wasomaji, mlango ulifunguliwa hivyo, wazi kabisa, na hakuna aliyenizuia kuupita. Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, na kwenye benchi watu walikuwa wameacha kuzungumza.

“Nieleze nini?” nilisema. “Mpe mwanangu haki yake.”

Alimtazama binti, akanitazama mimi. Akakitoa kile kioo jichoni.

“Sawa, mama. Niachieni bodi. Nitatafuta nyingine.”

“Kwa hiyo unakubali kosa?”

“Nimesema nitatafuta nyingine.”

Alijua. Alijua kila kitu, na akaibeba aibu yangu mbele ya wateja wake ili mwanangu asiione. Mimi nikatoka pale nimenyoosha shingo kama mshindi.

Njiani binti alinishika mkono. “Leo ulimweza, mama. Mimi ningesimama tu pale.”

Mkono wake ulikuwa wa moto. Sikuufinya.

Tulipofika kona ya duka lake alisimama. “Ulisema kweli tangu mwanzo. Tununue tu. Wenye kuunda wana macho ya kuona. Mimi nilipewa kitu kibovu na nikakipachika bila kujua.”

“Si kosa lako.”

“Ni langu. Mikono yangu si ya kazi hiyo.”

Hapo nilipata nilichokuwa nikikitaka mwaka mzima, nacho hakikuwa na ladha. Siku hiyohiyo nilikaa nikaandika sehemu iliyotoka Jumamosi iliyopita. Niliyapanga maneno vizuri. Mwalimu aliyapitia, akanisahihishia mkato mmoja, akaniuliza, “Na haya yote una hakika nayo?”

“Nina hakika, mwalimu.”

Sikumtaja mtu kwa jina la kuzaliwa, nikajiona mwangalifu. Kumbe Bisibisi katika mtaa wetu ni mmoja tu.

Jumanne ya wiki hii tukaenda kununua. Ni duka la mbele, penye barabara kubwa, lenye vioo na sakafu inayoteleza. Mashine zilizokwisha kuundwa zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zinawaka. Muuzaji alikuwa mwanamke mwenye miwani, mchangamfu, na alimwita binti yangu “mdogo wangu” kabla hatujakaa.

“Hii ndiyo saizi yenu. Unaipeleka nyumbani, unachomeka, unacheza.”

“Nani anaziunda?” binti aliuliza.

“Zamani alikuwa akituundia Bisibisi. Mkono wake hauna mfano! Hata hii ni yake, ya mwisho mwisho. Lakini bosi amesoma gazetini habari zake, akasema asikanyage tena hapa.”

“Bora,” alisema binti. “Amevuna alichopanda.”

Mimi nilikuwa nasoma karatasi ya dhamana. Niliisoma kwa bidii kubwa sana. Sikuelewa hata mstari mmoja.

“Kwa hiyo hii nayo ina bodi aliyowapa yeye?” binti aliuliza tena, uso ukiwa na wasiwasi.

“Ondoa shaka, mdogo wangu. Bodi zote ni zetu, mpya. Ngoja nikuoneshe.” Akachukua boksi rafuni, akaifungua bodi mbele yetu na kubandua kifuniko cha plastiki. “Umeona? Haijaguswa na mkono wa mtu.”

Binti aliinama. Nami nikainama.

Pini za dhahabu, nyingi kama malaika ya mtoto mchanga. Zote zimelala upande mmoja.

“Mbona zimelala?” aliuliza binti.

“Ndivyo zinavyotoka kiwandani, ili zikandamizwe na prosesa kisha ziibane. Ukikuta zimesimama, hapo ndipo mtu amezichokonoa.”

Mimi ambaye nimeshona mahameli miaka ishirini, ninayejua kwamba manyoya yake hulala upande mmoja na ukiyasukuma kinyume unaiua nguo, sikuwahi kufikiri hivyo.

Binti hakunitazama. Aliifunika bodi kwa kifuniko chake, taratibu, akamrudishia yule dada.

“Ahsante. Hatutanunua leo.”

“Jamani, mdogo wangu, nimekosea nini?”

“Hujakosea kitu, dada.”

Tulitoka. Alitembea mbele yangu mpaka tukawapita washona viatu, mpaka pale penye ukuta mtupu usio na mlango wala dirisha. Akasimama, akanipa mgongo.

“Mwanangu, mbona umebadilika ghafla?”

“Mama, usiniulize. Niambie.”

“Nikwambie nini?”

“Nikisema mimi, nitakuwa nimekukamata. Sitaki kukukamata. Nataka useme wewe.”

Magari yalipita. Mtu mmoja alitusalimia na sote wawili tukamwitikia. Nilifikiri kwamba bado nina njia: ningeweza kusema labda ni paka, labda ni wale watoto wa mpangaji mwenzetu. Uongo ulikuja ukiwa umepangwa vizuri, mwingi kuliko ukweli.

“Niligusa,” nilisema.

“Ulisoma nilichoandika?”

“Nilisoma. Mara mbili.”

“Uligusa kwa nini?”

“Nilifikiri zimepinda. Nikatumia sindano ya shanga. Nilitaka kukusaidia.”

“Na pale kwa Bisibisi? Ulitaka kunisaidia?”

Kwa mara ya kwanza sikutunga jibu.

“Mama, nimesema mtu yule amevuna alichopanda. Nimesema mbele ya watu. Na wewe umesimama hapo unasoma dhamana.”

“Nisamehe, mwanangu.”

“Ahsante kwa kuniambia,” alinijibu, kwa sauti ileile aliyotumia kumuaga muuzaji. “Sasa twende.”

“Wapi?”

“Kwake. Utamwambia bodi yake ilikuwa nzima, na aliyeiharibu ni wewe.”

Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya. Benchi halikuwepo. Fundi wa saa, jirani yake, alitutazama juu ya miwani yake bila kuinuka.

“Amehama jana. Duka la vioo lilimkatia kazi, na wateja wengine wakaja kuchukua vitu vyao kabla havijatengenezwa. Kodi ya chumba itatoka wapi?”

“Amehamia wapi, baba?” binti aliuliza.

“Hakusema. Simu haipatikani. Nilimwambia, ‘Jitetee, bwana! Nenda huko gazetini ukaseme!’ Akanijibu kwamba akijitetea, kuna mtoto atamkosa mama yake.” Akanitazama moja kwa moja. “Sikumwelewa. Labda wewe umemwelewa.”

Nilitaka ardhi inimeze. Ardhi haikunisikia.

“Ni mimi, mzee,” nilisema. “Bodi niliiharibu mimi. Na gazetini niliandika mimi.”

Fundi wa saa aliiweka chini saa aliyokuwa ameishika. Hakusema lolote la kunitukana, na ningelipokea kwa mikono miwili kama angelisema. Aliinama chini ya meza, akatoa boksi.

“Alisema mkija niwape hii.”

Juu ya boksi palikuwa na karatasi iliyobandikwa. Binti aliitupia jicho, kisha akaisogeza kwangu.

“Soma, mama. Kwa sauti.”

Nilisoma. Safari hii niliweka kidole chini ya kila neno, kwa kuwa macho yalikuwa na maji: “Bodi hii ni badala ya ile. Nimeijaribu, inawaka. Binti aiunde mwenyewe, mikono yake haina kosa.”

Fundi wa saa aligeuza uso. Binti alilichukua boksi, akalikumbatia kifuani, na nikafikiri: angalau hili limepona, ataiunda kompyuta yake, atacheza na wenzake.

Nilikosea tena.

“Sitaifungua,” alisema. “Siundi na sinunui. Mpaka huyu mtu arudi akae pale kwenye karakana yake, na kila aliyesikia uongo asikie ukweli.”

“Lakini mashindano, mwanangu! Na wenzako je?”

“Wenzangu nitawaambia kwa nini. Nitasema bila kukutaja, kama alivyofanya yeye.”

“Nitaandika,” nilisema. “Nitaandika yote, nitajitaja mwenyewe.”

“Andika. Uongo ulikwenda na gazeti. Tuone kama ukweli nao una miguu.”

Hayo yalikuwa Jumanne. Boksi liko chini ya meza yangu ya kukatia, halijafunguliwa. Wasichana wale wanne wamempa mpaka Jumamosi ijayo. Baada ya hapo watatafuta mchezaji mwingine. Binti hanikosei adabu. Kila asubuhi ananipa shikamoo yangu kamili, ila ndani yake hamna mtu. Baba yake aliposikia alikwenda kuketi kwenye ngazi ya mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuona la kuchekea. Mwalimu wangu nilimpelekea karatasi hizi jana. Hakusahihisha hata mkato. Alisema tu, “Peleka hivyohivyo.”

Nimeuliza kwa mafundi wa redio, kwa wauza nyaya, kwa wenye vyumba vya kupangisha. Hakuna anayejua alipo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliouamini uongo wangu. Ukurasa huu msifungie sabuni wala msiutandike kabatini. Ukimaliza kuusoma, mpe jirani, na jirani ampe wa nyumba ya pili. Asiyejua kusoma asomewe, wala asione haya; haya yote ni yangu. Na kama kwenu kumehamia fundi wa kompyuta mgeni, mtu mzima, mpole, asiyejitetea, mwekee karatasi hii mkononi na umwambie kwamba msichana mmoja ana boksi lake na hataki kulifungua. Na wapelekeeni ukurasa huu wale waliokwenda kuchukua vitu vyao kwake. Wapelekeeni hao kabla ya wengine wote, na kabla ya Jumamosi.